Kufufua magari ya spoti ya zamani: kinachoharibu ni upana, si sura

#1 UbavuMwembamba

Wakuu, salaam. Naleta hoja, ipigeni nyundo.

Kila likitoka gari jipya la spoti lenye sura ya zamani, tunakimbilia kutazama taa, mdomo na mkia, kisha tunatoa hukumu: limefanana, halijafanana. Mimi naona tunatazama pasipo. Kinachoua gari lililofufuliwa ni upana wake.

Chukueni Porsche 911. La kwanza kabisa lilikuwa na upana wa mm 1,610 na kimo cha mm 1,320. Hili la kizazi cha sasa, linaloitwa 992, lina upana wa mm 1,852 na kimo cha mm 1,300. Kimo kimeshuka kidogo, upana umepanda mm 242. Mgongo uleule ukiulaza juu ya kiwiliwili hicho, jicho linasoma gari jingine. Lamborghini Countach ni wazi zaidi: LP400 ya 1974 ilikuwa na urefu wa mm 4,140 na upana wa mm 1,890. LPI 800-4 ya 2021 ina urefu wa mm 4,870 na upana unaokaribia mm 2,100. Umbo la kabari ni lilelile, ila limekuwa ya gari la daraja lingine kabisa.

Upana huo unatoka wapi? Milango yenye vyuma vya kuzuia kugongwa ubavuni, vizingiti vinene chini ya mlango, tairi pana, na viti vyenye mifuko ya hewa pembeni. Kwa hiyo mwenye kufufua apange upana kwanza, taa na urembo vifuate. Mnasemaje?

#2 MzeeWaBoneti

Mkuu, namba zako ni sahihi lakini mtuhumiwa siye. Mtuhumiwa ni boneti.

Gari la zamani lilikuwa na boneti inayokaribia kugusa kifuniko cha injini. Siku hizi kuna jaribio la mtembea kwa miguu: Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 127 inataka kielelezo cha kichwa kirushwe kwenye boneti kwa kasi ya km 35 kwa saa, na boneti ibonyee bila kichwa kukutana na kitu kigumu chini yake. Ili ibonyee inahitaji nafasi, kama mm 60 hadi 80 za hewa tupu juu ya injini, betri na vichwa vya shokapu. Boneti ikipanda, ukingo wa chini wa kioo cha mbele unapanda. Huo ukipanda, mstari wa chini wa vioo vya milango nao unapanda. Hapo ubavu umekuwa ukuta, na vioo vimebaki kama tundu za sanduku la barua.

Njia za kukwepa zipo. Jaguar XK ya 2006 ilifungwa boneti inayorushwa juu kwa baruti pale bampa inapohisi mguu, hivyo nafasi inapatikana wakati wa ajali tu. Nyingine ni kuilaza injini upande, au kuipa mfumo wa oili wenye tangi la pembeni, sufuria ya chini iwe fupi na injini nzima ishuke. Vyote vina gharama, ndiyo maana wengi wanainua boneti tu na kusonga mbele.

#3 Nati13

Na taa za kufumbua, zile zinazojificha ndani ya pua na kuinuka zikiwashwa, zikapigwa marufuku kwa sababu hiyohiyo. Bila zile taa, kabari za miaka ya 70 na 80 hazifufuki.

#4 MchoraMistari

Nati13, hapo rekebisha kidogo. Hakuna sheria inayotaja taa za kufumbua na kuzikataza. Za mwisho kwenye magari ya viwandani zilikuwa Corvette C5 na Lotus Esprit, zote zikaishia 2004. Kilichoziua ni mchanganyiko: kingo kali zinazochomoza mbele zinafanya jaribio la mtembea kwa miguu kuwa gumu, mota na vyuma vyake vina uzito, na taa zenyewe zimekuwa nyembamba.

Kumbuka zilizaliwa kwa nini. Sheria ziliweka kimo cha chini cha taa kutoka ardhini, Marekani inchi 22, na kwa kanuni za Umoja wa Mataifa taa ya kawaida isiwe chini ya mm 500. Pua ya kabari ilikuwa chini ya hapo, ikabidi taa zipande zinapohitajika. Leo lenzi ya LED yenye kimo cha sentimita chache inakaa kwenye ufa mwembamba juu ya pua na kutimiza kimo hicho. Tatizo linalobaki ni la macho: gari lililokuwa halina macho mchana sasa linayo muda wote. Hapo ndipo wachoraji wengi wanapokwama, wengine wanaziba na kioo cheusi ili mchana uso ubaki mtupu.

#5 TairiJembamba

Wote mmeliacha jambo kubwa. Tairi.

911 la mwanzo lilivaa tairi ya 165 (upana kwa mm) kwenye rimu ya inchi 15. Piga hesabu: ubavu wa mpira mm 132 mara mbili, ongeza rimu mm 381, kipenyo kinakuwa kama mm 645. 992 Carrera S nyuma ina 305/30 R21 (upana mm 305, ubavu asilimia 30 ya upana huo, rimu inchi 21): ubavu mm 91.5 mara mbili, ongeza mm 533, unapata mm 716. Kipenyo kimeongezeka mm 71 kwenye gari ambalo kimo chake kimeshuka. Mguu umekua, mwili haukukua juu, kwa hiyo mwili ulazimike kupanuka kuufunika mguu. UbavuMwembamba, upana wako ni matokeo, chanzo ni tairi.

Kwa anayefanya karakana, hili linakuja na adhabu ya kiufundi. Ukitoka rimu 7J ET35 (upana inchi 7, na ofseti mm 35, yaani umbali kutoka katikati ya rimu hadi uso unaofungwa kwenye habu) kwenda 8J yenye ET35 ileile, ukingo wa nje unatoka mm 12.7 na wa ndani unaingia mm 12.7 kuelekea shokapu. Wengi wakiona inakwaruza ndani wanashusha ofseti hadi ET15. Hapo umeisogeza tairi yote nje mm 20, na umbali kati ya kitovu cha tairi ardhini na mstari wa kugeuka wa bojointi umebadilika mm 20 hizohizo. Matokeo yake: stelingi inavutwa na kila shimo, breki ikishika upande mmoja gari linapinda, na beringi za habu zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Halafu mtu analaumu pampu ya stelingi.

Ukitaka sura ya zamani, baki na ubavu mnene wa mpira. Pirelli na Michelin wana safu maalumu za magari ya kale, saizi za zamani zikiwa na ujenzi na mpira wa kisasa.

#6 UbavuMwembamba

TairiJembamba, hesabu yako nimeirudia, iko sawa. Ila ni nani aliyedai 305? Ni uzito na nguvu. Kwa hiyo na wewe tairi yako ni matokeo. Tukifuata mnyororo huu tutafika kwenye kilo.

#7 Ribiti

Kwenye kilo ndipo pa kuanzia hasa. Alpine A110 mpya ni ushahidi: kilo 1,103 kwenye toleo la kwanza, injini nyuma kama ya zamani, lita 1.8 ya turbo, hp 252, na tairi za mbele ni 205 tu. Nyuma 235. Kwa sababu ni jepesi halikuhitaji tairi pana, na kwa sababu tairi ni nyembamba limebaki dogo, urefu mm 4,180 na kimo mm 1,252. Ukiliona unalijua mara moja ni A110.

#8 InjiniKati

Ribiti, umegusa penyewe ila injini umeiweka pabaya. A110 ya zamani, iliyozinduliwa 1962, injini yake ilining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na bodi ya faibaglasi ikakaa juu ya uti wa mgongo wa chuma. Mpya ya 2017 injini iko mbele ya ekseli ya nyuma, nyuma ya viti. Chesisi ni alumini iliyogundishwa na kupigwa ribiti, na magurudumu yote manne yana mikono miwili ya saspensheni, juu na chini.

Hii si tofauti ndogo. Injini ikiwa nyuma ya ekseli, kibanda cha abiria kinaweza kukaa nyuma na mkia ukashuka mrefu. Ikihamia mbele ya ekseli inasukuma viti mbele, na mkia unabaki mfupi. Wachoraji wa Alpine wameificha kwa kioo cha nyuma kilichozunguka kama kile cha zamani, wakaacha taa nne mbele, na mstari katikati ya boneti. Sura imetunzwa, mifupa imebadilishwa yote. Mimi ndiyo naiita kufufua kwa heshima.

#9 Ribiti

Nimepokea, InjiniKati. Asante.

#10 Kipima_Upepo

Jambo ambalo halijatajwa: nyingi ya sura hizi tunazozililia zilikuwa mbaya kwenye upepo. Mgongo wa mviringo unaoshuka taratibu hadi bampa unafanya kazi kama bawa. Hewa inaung'ang'ania, inakimbia, shinikizo juu ya mkia linashuka na mkia unanyanyuka. Kwa mwendo wa km 100 kwa saa hutaona kitu, lakini nguvu hii inakua kwa mraba wa kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, mnyanyuko unakuwa mara nne.

Audi TT ya 1998 ilitoka na mkia laini wa duara, mzuri kweli kuutazama. Baada ya ajali kadhaa za mwendo mkali, kampuni iliyarudisha magari, ikayafunga spoila ndogo nyuma, mfumo wa kudhibiti mserereko na marekebisho ya saspensheni. Porsche walilijua mapema: Carrera RS 2.7 ya 1973 ilipata mkia wa bata kwa sababu hiyo.

Ford GT ya 2005 nayo ilichorwa kwa kufuata GT40, na umbo hilo lilikuwa na mnyanyuko uleule wa miaka ya 60. Wahandisi hawakugusa juu. Walifanya kazi chini: bamba la kukata hewa mbele, na njia za kupanua hewa chini ya mkia. Anayefufua kwenye karakana na afanye hivyohivyo. Funika tumbo la gari kwa bamba bapa kuanzia bampa ya mbele hadi ekseli ya nyuma, kisha bamba lipande kwa pembe ya digrii 7 hadi 10 kuelekea bampa ya nyuma. Ukizidisha pembe hewa inajitenga na bamba na kazi yote imepotea. Acha nafasi ya bomba la moshi kupumua, usiliunguze bamba lako.

#11 Nati13

Ford GT ile si ilikuwa saizi ya GT40 kabisa? Ndiyo maana ilifanana.

#12 MchoraMistari

Hapana mkuu. GT40 ilipata jina kwa kimo cha inchi 40. Ya 2005 ina kimo cha mm 1,125, zaidi ya inchi 44, na ni ndefu kuliko ya zamani kwa zaidi ya futi moja. Yote imekuzwa kwa pamoja, kwa hiyo ikisimama peke yake hujui. Ziweke pamoja ndipo utaona kama picha moja iliyochapwa kwa saizi mbili.

Hili linampinga UbavuMwembamba moja kwa moja: ilipanuka, na bado ilifanana. Uwiano ulilindwa, vipimo havikulindwa.

Na kwa vile imetajwa, iwe funzo: mikono ya saspensheni ya alumini ya kutupwa kwenye magari ya mwanzo ilikutwa na nyufa, ikabadilishwa na mikono iliyochongwa kutoka kipande kizima cha alumini. Gari linaweza kuwa na sura kamili na likaangushwa na kipande kisichoonekana.

#13 UbavuMwembamba

Hoja ya MchoraMistari ni nzito, naikubali nusu. Kukuza vyote kwa pamoja kunawezekana kwenye gari lililokuwa na kimo cha inchi 40, kwa sababu lina nafasi ya kupanda. Gari lenye kimo cha mm 1,320 ukilikuza kwa kipimo hicho linakuwa na mm 1,450, na hapo si gari la spoti tena. Kwa hiyo kanuni yako inafaa kwa yaliyokuwa chini sana tu.

#14 DadaKalibu

Naomba niwashushe kwenye sakafu ya karakana, maana mnabishana mm ambazo hazipo kwenye gari halisi.

Magari mengi ya zamani bodi zake zilinyooshwa kwa mkono. Ukiliskani utakuta kushoto na kulia hakulingani, tofauti ya mm 5 ni kawaida na mm 10 haishangazi. Kwa hiyo hatua zinakwenda hivi. Vua bampa, taa, mipira na urembo wote. Bandika alama za skana kila sentimita 10 hivi. Paka poda ya kuzuia kung'aa kwenye vyuma vya kroma na vioo. Skani bodi, kisha skani chesisi peke yake: vitobo vya saspensheni, mashikizo ya injini, bawaba za milango. Pointi hizo ngumu ndizo msingi wako, bodi unailaza juu yake. Chagua upande mmoja ulio mzuri, ukate katikati na kuugeuza kama kwenye kioo. Usichukue wastani wa pande mbili, utapata sura isiyo ya upande wowote na mistari itakuwa laini isiyo na uhai.

Kwa faibaglasi: nta kwenye kalibu mara 5 au 6 kama ni mpya, ukiipa kila nta muda wa kukauka. Jelikoti, yaani safu ya juu inayoonekana, unene wa mm 0.5. Ikiwa nyembamba rezini inayofuata itaikunja kama ngozi ya kobe, ikiwa nene itapasuka. Safu ya kwanza ya mkeka wa nyuzi za kioo iwe nyepesi, gramu 300 kwa mita ya mraba, ili nyuzi zisichapike juu. Iache ishike, ndipo uweke safu mbili za gramu 450. Rezini ni kama mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka, kigandishi asilimia 1 hadi 2 kulingana na joto la chumba. Pitisha rola ya chuma kila safu hadi vipovu viishe, hasa kwenye kona.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni haraka ya kutoa. Paneli ikitoka kabla haijakomaa inajipinda, na haitarudi. Funga mbavu za kuimarisha ikiwa bado ndani ya kalibu. Kisha kabla ya rangi iweke kwenye joto, ukipanda polepole hadi kiwango kinachozidi kile itakachokutana nacho kwenye chumba cha rangi na juani. Usipofanya hivyo, rangi nyeusi itakuonyesha kila uzi baada ya wiki chache za jua.

#15 Nati13

Dada, heshima. Je, nyuzi za kaboni badala ya faibaglasi? Singer, karakana ya Marekani, wanatumia kaboni kwenye 911 za aina ya 964 karibu bodi yote isipokuwa milango.

#16 DadaKalibu

Inafaa, ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni kutu ya umeme. Kaboni inapitisha umeme, ikigusana na alumini au chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Weka safu moja nyembamba ya faibaglasi kati yao kila zinapokutana, pamoja na kuta za ndani za vitobo vya boliti, na tumia boliti za titani au chuma kisichoshika kutu.

Wa pili ni joto. Kaboni karibu haipanuki kabisa, alumini inapanuka sana. Paneli ndefu ukiigundisha kwa gundi ngumu kwenye fremu ya alumini, jua likichoma ama gundi inaachia ama paneli inavimba. Tumia gundi inayonyumbulika yenye unene wa mm 2 au 3, na kwenye boliti acha kitobo kimoja kiwe kamili, vingine viwe virefu ili paneli iteleze.

#17 Sheria_na_Nati

Mmeona alichotaja Nati13? Singer hawatengenezi gari jipya. Wanachukua 964 ya mteja, ya 1989 hadi 1994, na kuijenga upya. Kisheria linabaki la mwaka wake, kwa hiyo boneti ya MzeeWaBoneti na milango ya UbavuMwembamba haziwahusu. Kimera wa Italia wamefanya hivyo na EVO37, ufufuo wa Lancia 037: katikati ni kiwiliwili cha Lancia Beta Montecarlo, na yaliyobaki ni yao, magari 37. Ndiyo sababu sura inatoka safi. Si kwamba wana wachoraji bora kuliko viwanda vikubwa, wana mwaka wa usajili.

Njia nyingine ni uzalishaji mdogo. Marekani sheria ya 2015 iliruhusu mtengenezaji mdogo kuunda hadi magari 325 kwa mwaka yenye sura ya gari lililotengenezwa angalau miaka 25 nyuma, bila kupita majaribio ya kugonga ya magari mapya. Injini lakini lazima itimize moshi wa leo. Shirika la usalama barabarani lilichelewa kukamilisha kanuni zake, hivyo wenye mipango walisubiri miaka.

Tatu, viwanda vyenyewe vikiendeleza namba za chesisi za zamani. Jaguar ilipanga E-Type nyepesi 18, ikatengeneza 12 miaka ya 60, na sita zilizobaki ikazimalizia kuanzia 2014. Hizo ni za uwanjani.

#18 MzeeWaBoneti

Sheria_na_Nati umeimaliza hoja yangu kwa kuithibitisha. Pale sheria ya boneti haipo, sura inarudi yenyewe. Basi tatizo ni boneti.

#19 TairiJembamba

Mzee, magari ya Singer na Kimera yametanuliwa matao ya tairi, tena sana. Sheria imeondoka, tairi pana imebaki na mwili umepanuka vilevile. Rudi kwenye mpira.

#20 Ribiti

Na je, haki ya umbo? Mtu akiunda Ferrari 250 GTO yake na kuiuza anashitakiwa?

#21 Sheria_na_Nati

Inategemea mahali na aina ya haki. Kuhusu GTO hiyohiyo, mahakama ya Bologna 2019 ilikubali kuwa umbo lake ni kazi ya sanaa inayolindwa. Mwaka 2020 ofisi ya alama za biashara ya Umoja wa Ulaya ikaifuta alama ya umbo hilo kwa upande wa magari, kwa kuwa Ferrari haikuwa ikiitumia kwenye magari, ikaiacha kwa upande wa vinyago. Gari moja, majibu mawili. Kwa hiyo kabla hujakata kalibu, uliza haki ya mchoro, alama ya biashara na hakimiliki kila moja peke yake. Nembo usiguse kabisa.

#22 InjiniKati

Naongeza sababu ya nne, baada ya upana, boneti na tairi, nayo ni kuazima jukwaa, yaani msingi wa gari la kampuni nyingine. Fiat 124 Spider ya 2016 ilijengwa Hiroshima juu ya Mazda MX-5, injini ikiwa ya kwao, lita 1.4 ya turbo. Unapoazima jukwaa umeazima kioo cha mbele, bawaba, nafasi ya dereva, na umbali kati ya tairi la mbele na mlango. Huo umbali ndio roho ya gari la injini mbele. E-Type ukiitoa kipande hicho kirefu mbele ya mlango, hata ukiweka mdomo na taa zake zote, umepata samaki asiye na shingo. Kinyume chake ni BMW Z8: fremu yake ya alumini iliundwa kwa ajili yake, pua ndefu ya 507, BMW ya miaka ya 50, ikapata nafasi, na hakuna anayelalamika juu ya uwiano wake.

#23 Rejeta_Mbili

Nawaongezea ya tano, kupoza. E-Type ina mdomo mdogo kama wa papa kwa sababu ilipoza injini isiyo na turbo, bila kondensa ya kiyoyozi. Weka injini ya turbo ya leo na kuna intakula (kipoza hewa ya turbo), kondensa, rejeta, pengine na kipoza oili. Mdomo utaupanua na sura imekufa.

Kabla hujapanua, fanya haya. Ziba kila ufa kati ya mdomo na rejeta kwa bamba na sponji, hewa ikose njia nyingine. Mdomo wenye theluthi ya eneo la rejeta unatosha ikiwa njia inapanuka taratibu hadi rejeta. Feni ivute kutoka nyuma, ndani ya kifuniko kinachoshika rejeta yote, si feni tupu iliyobanwa katikati. Muhimu kuliko yote ni njia ya kutokea. Hewa ya moto itoke kwenye matao ya tairi au juu ya theluthi ya mbele ya boneti. Usiitoe chini ya kioo cha mbele, hapo shinikizo ni kubwa na hewa itaingia badala ya kutoka. Kuona hewa inavyopita ni rahisi: bandika vipande vya uzi wa sufu juu ya boneti, mwenzako apige video akiwa kwenye gari la pembeni. Uzi ukilala nyuma, hewa imeshika boneti; ukitapatapa au kunyanyuka, hewa imejitenga.

#24 Kipima_Upepo

Ndiyo maana umeme unavutia. Jaguar E-Type Zero ya 2017 iliweka betri ya kWh 40 mahali pa injini, saizi na uzito karibu na ile injini yake ya asili, gari likawa jepesi kuliko la petroli kwa kilo 46 hivi. Mdomo ukabaki uleule.

#25 MchoraMistari

Kweli, lakini hiyo ni betri kuingia mahali pa injini. Gari jipya la umeme lenye betri sakafuni linamwinua dereva zaidi ya sentimita 10, na paa linamfuata. Kwa gari la spoti betri ikae nyuma ya viti, au kwenye handaki la katikati kwa umbo la T.

#26 Nati13

Swali la vitendo basi. Kuna chesisi ya MX-5 ya kizazi cha pili, wilibesi (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) mm 2,265. Lengo ni bodi ya miaka ya 60, kitu cha sura ya Lotus Elan. Elan ni mm 2,134. Nipunguze mm 131?

#27 InjiniKati

Usipunguze. MX-5 ina boriti ndefu inayounganisha gia boksi na difu. Ukifupisha gari utaikata boriti, utaikata propela, utazisogeza bomba za breki na mafuta, na vizingiti vinavyobeba nguvu zote za gari lisilo na paa utakuwa umevikata na kuviunga. Mm 131 zipeleke kwenye mchoro: refusha mlango kidogo kwa macho, fupisha pua na mkia. Matao ya mbele yamefungwa kwa boliti, yanatoka. Ya nyuma yamechomelewa, usiyatoe, vika ngozi mpya juu yake.

#28 DadaKalibu

Na kabla hujachora hata mstari mmoja, Nati13, amua kioo cha mbele. Kioo cha tabaka mbili chenye mkunjo wako mwenyewe kinahitaji kalibu yake, na kwa gari moja au mawili gharama yake inaweza kuipita bodi nzima. Tumia kioo kilichopo na fremu yake, bodi ifuate. Pima upana juu na chini, kimo katikati, na kina cha mkunjo kwa kunyoosha uzi kutoka kona hadi kona. Kioo cha MX-5 kimelala zaidi kuliko cha Elan, kwa hiyo usijaribu kuiga mstari wa kutoka boneti kwenda kioo, utaonekana umevunjika pale chini.

#29 UbavuMwembamba

Nati13, ukishapima kioo, pima na upana wa gari penye bawaba za milango, uweke hapa namba zote mbili. Tutajua kama bodi ya Elan inaweza kukaa juu yake bila kunenepa.

#30 TairiJembamba

Na saizi ya rimu na ofseti zilizomo sasa hivi.